Kwa Byamungu, ambaye serveri ilisema amepatikana

Byamungu, mujukuu wangu, bwana yangu mudogo,

Ni minye, Koko wako. Mukono unaoandika ni wa Esperanse, yule mliyefanya naye kazi, kwa sababu unajua minye na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, hata pale nitakapomtukana. Amekubali. Ukikuta neno zuri la shule humu, ni lake, usifikiri nimeharibika.

Vita havijaisha. Vimesogea tu, halafu vinarudi, halafu vinasogea tena. Kilio chako hatukukikaa, watu wote walikuwa wanakimbia. Nilikuosha mwenyewe kwa maji ya ziwa, juu mabomba yalikuwa makavu. Nilikufunga kitenge changu cha kanisa, tukakuzika huku tumeinama kama wezi. Weye ulikuwa umepanda juu ya lile jiwe la uwanjani kutafuta rezo ya telefone, na risasi ya mutu ambaye hata hakukujua ikakukuta pale. Nilikuwa nimekuambia ushuke. Ulisema, "Dakika moja, Koko." Hiyo dakika, mujukuu wangu, bado niko ndani yake.

Sasa nisikilize. Kuna jambo limetokea, na nimeamua bila kukuuliza.

Nakumbuka siku uliponieleza kazi yenu. Watu wanakimbia: mmoja anavuka mto Ruzizi kwenda Burundi, mwingine anapanda milima ya Bijombo, mutoto anabaki njiani. Mzazi anatuma jina la mutoto kwa telefone. Kule ng'ambo, aliyemuokota mutoto naye anatuma jina. Serveri, ile masini yenu, inapokea majina, inayakutanisha, halafu inamutumia mzazi mesaji. Weye ulitengeneza sehemu ya kukutanisha. Esperanse akatengeneza ya kutuma. Kila mmoja alijaribu sehemu yake, ikafanya kazi, mkapigiana makofi.

Halafu yule mama wa Runingu. Mutoto wake alipatikana ku kambi moja ya Burundi. Masini iliyaona majina, ikayakutanisha vizuri sana. Lakini mama naye alikuwa amevuka, ameweka kadi ya Burundi mu telefone yake, na sehemu ya kutuma ilikuwa inajua namba za Kongo tu. Mesaji ikakwama. Mama akangoja ku kambi nyingine, na mutoto akafa na homa mikononi mwa wageni. Masini ilijua mutoto yuko wapi. Mama ndiye hakujua. Siku ile ulirudi nyumbani ukakaa chini, ugali ukapoa mbele yako.

Ukaniambia, "Koko, kila kipande peke yake ni kizima. Kuviweka pamoja ndiyo hatukujaribu."

Nikakujibu, "Kama baba yako na mama yako."

Ulicheka mpaka ukalia. Au ulikuwa unalia tayari, sijui.

Kuanzia hapo hukulala vizuri. Mkaweka serveri nyingine pembeni, isiyo na jina la mutu wa kweli hata mmoja, ili mpitishe jina la kujaribu tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho kila mnapobadilisha kitu. Iliitwa kwa Kifaransa kirefu ambacho ulimi wangu ulikikataa. Minye niliita kujaribu vyote pamoja. Mwisho wa njia ulitaka telefone ya kweli, ukachukua namba zangu, juu telefone yangu iko na kadi mbili, ya Kongo na ya Burundi, kama ya kila mwanamke anayeuza ndagala hapa Uvira. Ilie kwa kadi zote mbili ndipo mseme imefaulu.

Lakini jina la nani ndilo lipotee? Ulikataa kumuandika mutoto wa mutu. Ulisema ni kumuitia mabaya. Ukaandika lako. Nikakugombeza: "Futa, mujinga weye! Nani anajiita aliyepotea?" Ukasema, "Ni ya kujaribu tu, Koko."

Basi telefone ilikuwa inalia mara mbili, kadi moja halafu nyingine, na minye nikiwa jikoni napiga kelele, "Byamungu, umepatikana!" Na weye mu chumba unajibu, "Asante, mama, Mungu akubariki!" kwa sauti ya mzee wa kanisa. Tulikuwa wapumbavu wawili. Tulikuwa na furaha.

Ulipokufa serveri zilizimwa. Esperanse alikimbilia Bujumbura na ordinateri yako, ile kompyuta ya kazi, mu gunia la mihogo. Aliporudi akaziwasha zote. Hakukumbuka kwamba ile ya kujaribu inaanza kazi yenyewe.

Asubuhi moja nikiwa nachambua ndagala, telefone ikalia. Halafu ikalia tena.

Nikaipeleka kwa jirani, Mama Zawadi, mikono ikinuka samaki. Akasoma polepole, uso ukimbadilika: "Byamungu amepatikana. Yuko salama."

Minye nilikuosha. Nilizifunga taya zako kwa mikono hii. Na bado miguu ilikimbia, Byamungu. Ilikimbia bila viatu, ikapita kanisa, ikafika barabara kubwa ya Kasenga, na kila kijana aliyeshuka ku pikipiki nilimtazama usoni. Mama Zawadi alinifikia pale akanikumbatia kwa nyuma. Nilimuuma. Alama bado iko ku mukono wake, na haniambii kitu.

Nilikuzika mara ya pili siku ile, na hiyo ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, juu haikuwa na kazi ya kufanya. Hakuna kuosha, hakuna kuchimba.

Esperanse alikuja akajitupa chini. (Andika, mutoto. Usiruke.) Alisema atazitoa namba zangu, nisisikie tena mlio huo. Nikamuuliza, kisha mtajua vipi kama mesaji inafika ng'ambo zote mbili? Halafu akasema basi namba zibaki na jina lako libaki, wenzenu wanataka iwe heshima yako, uendelee kupatikana kila siku.

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo hataki kuyaandika, kwa hiyo nayafupisha: ile masini ni ya waliopotea. Mujukuu wangu hakupotea. Ninajua alipo. Ni minye niliyemuweka.

Jina lako limetoka. Hilo ndilo nililoamua. Telefone imebaki.

Wameweka jina la mutu asiyekuwepo, la kubuni tu. Walipojaribu vyote pamoja, kadi ya Kongo ililia, ya Burundi ikanyamaza. Nikamutuma Mama Zawadi akawaambie. Wakafungua, wakatafuta, wakagombana, wakarekebisha. Nikaambiwa ni kosa lilelile lililomuua mutoto wa Runingu, mlikuwa mmelifunga nusu, kwa jina lako tu, si kwa jina jipya. Siku ya pili zikalia zote mbili. Sasa wameifungulia watu ile serveri ya kweli. Majina yanaingia, ni mengi, na wengine watapatikana wakiwa kama weye. Mesaji haifufui mutu. Lakini mama atajua njia ya kwenda.

Nikuambie ukweli wangu wote. Mara ya kwanza niliposomewa lile jina lingine, nilimchukia. Mutu asiyezaliwa, na yeye ndiye anapatikana.

Imepita. Ninaahidi, Byamungu, hii telefone haitazimika nikiwa hai. Umeme ukikatika nitaipeleka ichajiwe kwa wenye vioo vya jua ku bati. Tukikimbia nitaifunga kifuani ndani ya nguo, na atakayetaka kuichukua atanikuta na meno. Kadi zote mbili nitazilipia. Ikilia mara moja tu, Esperanse atanisikia kabla hajanawa uso.

Na huyo mutu wa kubuni, wanasema hana baba, hana mama, serveri inamufuta akishapatikana. Kila asubuhi anapatikana na hakuna anayemungoja. Haiwezekani hivyo. Kwa hiyo ikilia, naacha kazi yangu, nasema kwa sauti: karibu, mutoto, ingia.

Lala, bwana yangu. Weye hakuna anayekutafuta tena.

Koko wako