Chupa za Tope Nilizozifunga Mimi

Ijumaa. Mvua imepiga asubuhi, sasa jua limetoka na ziwa linang'aa mpaka naumia macho. Kifua kimebana, ila leo nina furaha ambayo vidonge havijawahi kunipa.

Nimekiri.

Wanaonisoma wanajua nilipima maji ya ziwa hili mpaka nilipostaafu. Sijawahi kuandika kuhusu zile chupa. Tulichota tope chini ya ziwa hapa Igogo, tukaliweka kwenye chupa na maji juu yake, kila chupa na mpira wa kupulizia hewa. Tulitaka kujua kama tope linaachia mbolea iliyolala ndani yake. Siku moja kabla ya Idi harufu ilinishinda. Nikachomoa mipira, nikakaza vifuniko, nikaenda kupika pilau.

Niliporudi, mwenzangu wa maabara, Masanja, alikuwa ameshapima. Fosforasi, ile mbolea tuliyokuwa tunaitafuta, ilikuwa imejaa kwenye maji. Akasema tope likikosa hewa linaiachia. Mbele ya wote nikamwambia hajui kuosha chupa.

Vifuniko sikuvitaja.

Tukarudia kwa hewa, tope likatulia, na taarifa nikaiandika mimi: mbolea yote inatoka mitoni na mitaroni. Baadaye mitaro ikashughulikiwa, lakini maji yakabaki kijani kwa mwani unaolishwa na mbolea hiyo. Watu walishangaa. Mimi sikushangaa. Kule chini kulikuwa na akiba ya miaka mingi, ikipanda kila hewa inapoisha.

Juzi nilimpigia Masanja simu. Leo amekuja kutoka Misungwi, kichwa cheupe kama changu.

"Shikamoo, dada Zuhura."

"Marahaba. Kaa. Zile chupa nilizifunga mimi."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, vile vifuniko vilikazwa na mtu anayewahi pilau. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Bosi ulikuwa wewe." Akairudisha miwani usoni. "Iliniuma, lakini. Hilo sikufichi."

Nimelia. Amesubiri nimalize, kisha akashuka ziwani na kurudi na chupa mbili za tope na maji, suruali imelowa hadi magotini. Moja ameiacha wazi. Nyingine amenipa niifunge mwenyewe. Vidole havina nguvu tena, ikabidi anisaidie kukaza.

"Wiki tatu," amesema. "Halafu tunamimina maji kwenye glasi, tunaweka dirishani, tunaona yapi yanawahi kuwa kijani. Usinitoroke."

Chupa ziko chini ya kitanda changu, gizani kama chini ya ziwa. Daktari hapendi kunitajia wiki. Masanja amenitajia tatu, nami nimezipokea zote.

Nimempa nywila ya blogu hii. Jibu ataliandika yeye, kwa jina lake, niwepo nisiwepo.

Lakini nataka kuwepo.