Aliyeliuza Ziwa

Lyulilo, Matema
Ijumaa, 14 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Israeli,

Mwagonile huko Karonga, wewe, wifi Doreen na watoto? Natumaini kile kikohozi ulichoondoka nacho wakati wa Pasaka kimekuachia. Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua, lakini juzi alikwenda mwenyewe kuanua mpunga na akatugombeza sote, kwa hiyo ujue ana nguvu. Kakao ya shamba la nyuma imekauka vizuri. Baada ya salamu, nikupe vituko vya huku, maana kucheka peke yangu nimechoka.

Unamkumbuka Godwin, yule aliyekuwa akiuza betri za redio hapa Lyulilo. Sasa ni mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wa soko letu, nami ni katibu wake, Mungu anisamehe. Mwaka jana alikwenda semina ya siku mbili Mbeya, akarudi kichwa kimemvimba, akatutangazia kwamba wageni wanaolala Matema hawafiki sokoni kwetu kwa sababu hatuna tovuti. Hakusema kwamba choo cha soko hakina mlango. Tovuti ndiyo iliyokosekana.

Akaletwa fundi kutoka mjini, bwana Jubilate, anayetembea mchangani na viatu vilivyochongoka. Alikaa siku tatu, akala samaki wetu, akaondoka. Tovuti ilipofunguka tukaona picha ya ufukwe mweupe, na juu ya ufukwe, ngamia. Ngamia, kaka, Lyulilo! Chini ya ngamia alikuwepo Godwin ndani ya suti, na risala ndefu ya kuwakaribisha wageni iliyoeleza shule alizosoma na vyeti alivyopata. Mgeni angejua mwenyekiti alibatizwa lini, lakini asingejua soko ni siku gani wala linafikiwa kwa njia ipi. Godwin aliisifu mwezi mzima, na simu yake mwenyewe ni ya vitufe, haijawahi kufungua tovuti yoyote.

Aliyeiokoa ni Asifiwe, yule mwenye meza ya vyungu karibu na mahali mitumbwi inapoegeshwa. Kiingereza anakijua, kwa hiyo mimi na yeye tulipewa neno la siri turekebishe. Alimwondoa ngamia. Akaandika kwamba soko kubwa ni Jumamosi, kwamba vyungu huja kwa mitumbwi na ni vizuri kuwahi asubuhi, kwamba mtu aombe ruhusa kabla ya kumpiga mwenzake picha, na kwamba chungu kikifungwa kwa majani makavu ya mgomba kitafika nyumbani kizima. Aliandika kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani kwake. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Mwezi wa tano wageni wakaanza kuja. Jumamosi moja walikuja kumi na mmoja, na Asifiwe akamaliza vyungu vyote kabla ya saa nne. Godwin akawa anapeana nao mikono kama bwana harusi. Ndipo mama mmoja wa Kizungu akamwonyesha kwenye simu tovuti yetu na jinsi alivyotupata, na Godwin, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, akaambulia maneno mawili tu. Ziwa Malawi.

Kaka, ungekuwepo! Aliitisha kikao Jumatatu, akauliza nani ameliuza ziwa. Alisema babu zake walikunywa maji ya Ziwa Nyasa na yeye atakufa akinywa ya Ziwa Nyasa, utadhani kuna mtu aliyekuja kumnyang'anya ndoo. Shati alilovaa akiapa alilinunua hapo hapo Karonga, Malawi, nilikuwepo. Watu wazima na akili zao wakasimama kulipigania ziwa wanalolitupia takataka kila siku. Hakuna aliyeuliza wageni wenyewe hulitafuta kwa jina gani. Ramani wanazokuja nazo zimeandikwa Malawi. Ukiandika Nyasa peke yake hawakuoni.

Lawama zikamwangukia Asifiwe, kwa kuwa daftari lenye neno la siri lilikuwa kwake. Alikana. Wakasema ana shangazi Karonga, basi ametumwa. Wakamnyang'anya meza, na siku ya pili yake Godwin akampa shemeji yake meza hiyo. Asifiwe ana watoto wawili, na meza ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Kesho asubuhi anavuka mpaka wa Kasumulu kuja kukuomba kazi dukani kwako, na ndiye atakayebeba barua hii.

Sasa nikwambie. Maneno yale hakuyaandika Asifiwe. Niliyaandika mimi. Niliona hatupatikani, nikaongeza jina lile bila kumwambia, wageni wakaja, na mpaka leo naona nilifanya sawa. Lakini kikaoni nilipowaona walivyopandwa na mori, nilikumbuka kwamba mimi sina shangazi huko, nina kaka kabisa, na nikaogopa. Wala sikunyamaza tu, kaka. Nilisimama nikasema kwamba mtu asiyejua jina la ziwa lake hastahili meza katika soko hili. Godwin akanipigia makofi. Nimewacheka wapumbavu hawa kurasa mbili nzima, na hakuna hata mmoja aliyefanya uchafu kama wangu. Godwin angalau alikuwa hajui. Najionea aibu hata kula na mama.

Msalimie sana wifi Doreen, mwambie vitenge alivyotuma vimetupendeza. Watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema ule vizuri.

Na kama barua hii haitakufika, usiilaumu njia. Bahasha sijaifunga. Asifiwe, najua utaisoma; hata mimi ningeisoma. Usivuke. Jumatatu saa tatu tuna kikao. Nimejaribu kusema kwa mdomo mara mbili na mara mbili nimeshindwa, basi njoo nayo uwasomee wote. Mimi nitakuwa nimekaa palepale kwenye kiti cha katibu. Wakisema umeitunga, sahihi yangu wanaijua.

Ni mimi mdogo wako,
Milka Mwakalinga