Bunduki ya Papa na Mafuta ya Mawese

Kadutu, Bukavu, Novemba 1978

Kwako yaya Constantin,

Kwenye bahasha nimekuandika Citoyen, yaani raia, kama serikali inavyotaka, lakini humu ndani wewe ni kaka yangu yule yule. Habari za Kalehe? Kikohozi cha wifi Valérie kimepoa? Sisi ni wazima, kwa bahati tu, na ninaandika nikiwa na hasira.

Ni ile bunduki ya marehemu Papa uliyotuletea Pasaka. Shemeji yako Léopold aliipokea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Kila Jumapili baada ya misa, bunduki mezani. Kutu ilikuwa imeishika, sehemu ya nyuma inayofunguliwa haisogei. Nikampa mafuta ya cherehani yangu. Akasema hayo mepesi mno, bunduki inataka mawese. Mawese, yaya! Unaijua baridi ya asubuhi ya hapa. Yaliganda humo ndani, chuma kikashikana zaidi, na mende wakahamia kwenye mtutu.

Nikamkumbusha desturi ya kwetu. Papa alianza kwa kutoa risasi na kumkabidhi Mama, naye akazifunga kwenye pembe ya kitenge na kukaa nazo uani pamoja na sisi watoto. Ndipo Papa achungulie ndani, asugue kwa kitambaa kikavu, apake mafuta kidogo na kuyafuta. Mama hakuinuka mpaka bunduki irudi kwenye msumari wake. Léopold akacheka, akauliza nitafunga risasi gani wakati hatuna hata moja. Nikarudi jikoni.

Jumapili iliyopita subira ilimwishia. Akaanza kuigonga kitako sakafuni, Delphine wetu akiwa pale pale mezani na sahani yake ya sombe. Ikalipuka. Risasi ilitoboa bati juu ya kichwa cha mtoto. Mvua sasa inaingia ndani, na Delphine kifuniko cha sufuria kikianguka tu anaziba masikio. Hataki kula meza moja na baba yake.

Nilimtukana Léopold mbele ya majirani, sikubakiza neno. Maman Rosalie wa nyumba ya pili alimwambia usoni kwamba "mulevi hapashwe kukamata bunduki", wakati Léopold hanywi hata kasiksi, pombe ya ndizi. Aliapa hajawahi kununua risasi. Hakuna aliyemwamini, hata mimi.

Juzi papa Modeste, mwanajeshi mstaafu wa hapa mtaani, aliifungua polepole kwa petroli. Ganda la risasi lililotoka limeota kutu ya kijani. Akasema limelala humo miaka.

Basi risasi ilikuja na bunduki, yaya. Wewe ndiye uliyeniwekea mikononi ukisema, "Iko vide, haina kitu, niliangalia mimi mwenyewe." Hukuangalia. Kutu isingekuruhusu. Nami nilikuamini kwa sababu ni wewe. Mama hakumwamini hata Papa, alitaka risasi mkononi.

Inaniuma sana. Njoo uichukue. Na umwambie Léopold ukweli kwa mdomo wako, Delphine akisikia.

Umfikishie wifi upendo wangu, na watoto uwashike mkono mmoja mmoja kwa niaba yetu. Lile ganda nimelifunga kwenye pembe ya kitenge changu. Nitalifungua ukifika.

Mdogo wako,
Euphrasie