Kamera ya Mkono Mmoja

Werugha, Jumapili

Kaka Danson,

Sisi tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Pale dukani Voi kulikuwa na kamera mbili za video. Ile kubwa ina picha safi zaidi, lakini inataka mikono miwili. Nikachukua ndogo, kwa hivyo usishangae picha zikififia.

Mama hatembei tena bila kushikwa. Nilimshika kwa mkono mmoja, nikamrekodi kwa mwingine, tukashuka polepole hadi shambani. Njiani akaniuliza, "Wewe binti, unamjua Danson wangu?"

"Namjua, Mama. Ongea, atakusikia."

Akajifunga leso vizuri, akakuita mara tatu.

Jina langu limeshampotea, kaka. Lako bado analo. Omba likizo uje.

Dada yako,
Dinah