Picha Zilizomo Ndani ya Majalada

Mdogo wangu Shee,

Assalaamu alaikum. Nakuandikia nikiwa bado hai, jambo ambalo daktari wa hapa kisiwani Nosy Be analiona kama ukaidi. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, chakula nakionja tu. Kumbukumbu haina kasoro, nayo ndiyo iliyonikalisha mezani leo. Goti lako limepona? Huko Siyu mmepata mvua? Uvumilie mwandiko na maneno yangu. Kiswahili siku hizi nakitumia katika barua zako tu. Nyumbani kwa binti yangu Asma tunasema Kimalagasi, na kwa daktari Kifaransa.

Nina jambo la kukiri. Zile picha zako sikuzichoma.

Najua unazikumbuka. Mwishoni mwa miaka ya sabini, ulipokuja kukaa nami Mahajanga, mwenye duka wa mtaani kwetu alikuwa akifungia sabuni kwa kurasa za majarida ya zamani ya Kifaransa, nawe ukawa unamwomba zile zenye roketi. Ulianza kwa kuiga, kisha ukachora ya kwako: Mahajanga ya mwaka elfu mbili, mji mzima chini ya kuba la kioo. Kijijini Boanamary pana uwanja wa roketi nyekundu zenye mapezi kama jodari. Gari lisilo na magurudumu linaelea juu ya bahari kutoka bandari ya Ankify kuja Nosy Be, na ndani yake bibi aliyejitanda leso anakunywa kahawa bila kumwaga tone.

Balaa lilianza ulipochora msikiti wetu wa mtaa wa Tsaramandroso, mnara wake ukiwa roketi, moshi unatoka chini. Wazazi wa watoto niliowasomesha Kurani chuoni wakaja kushtaki. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na imamu naye anaruka nao, au anabaki chini kutusalisha?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Jioni ile nilikuambia nimezichoma. Ukauliza, "Zote?" Nikasema, "Zote." Ukaenda kunawa rangi mikononi. Baada ya miezi miwili ukarudi kwetu Siyu, na nasikia hukushika brashi tena.

Nilidai nimefanya kwa ajili ya dini. Haikuwa hivyo. Sisi sote wawili baba alitufunza kujalidi vitabu, na mkono wangu ulikuwa hodari wa kupima na kukata, lakini sikuweza kubuni hata ua la pambizoni. Wewe ulikaa sakafuni ukabuni mji. Nilikuonea wivu, na picha zenyewe nilizipenda. Ndiyo maana kiberiti nilikishika na sikukiwasha.

Wakati ule karatasi ilikuwa adimu. Nawe unajua, jalada letu si ubao. Ni karatasi juu ya karatasi, zimebandikwa kwa gundi ya uwanga mpaka zikakauka na kuwa ngumu. Nilikuwa najalidi misahafu ya msikiti. Nikaziweka picha zako katikati, moja katika kila jalada, juu yake ngozi. Anayetaka kutumia karatasi tu hupaka gundi kote. Mimi nilipaka kingo peke yake, picha zisiharibike. Kila Ijumaa, nikikaa mbele ya kabati la misahafu, nilijua upi una kuba na upi una bibi wa kahawa.

Nimejiuliza sana kilichokuwa kinanivuta. Mwaka elfu mbili ulikuja ukapita, na Ankify bado tunapanda boti na kulowa. Hilo halikuzipunguzia picha kitu machoni pangu. Ndani yake kuna misumari ya ribiti, vioo na rangi ya chungwa, na hakuna mtu aliyekunja uso. Aliyechora hakuiogopa kesho. Mimi nimeiogopa maisha yangu yote, pamoja na vitabu vyote nilivyosoma, na nilipenda kukaa karibu na mtu asiyeiogopa, hata baada ya kumfukuza.

Mwezi uliopita Asma alisikia kwamba msikiti wetu wa Mahajanga utaizika misahafu mikuukuu, kama desturi. Nikasafiri, ingawa alinikataza. Boti, kisha gari mchana na usiku. Nilikuta misahafu imefungwa kwa kitambaa cheupe na shimo limechimbwa. Mtunzaji wa msikiti bado ni Humadi, yule Mkomoro niliyezeeka naye pamoja.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kuzika au kuzikwa?"

"Nataka kisu."

"Basi umekuja kuua."

Nikamweleza yote. Akafungua kitambaa. Nilipopasua jalada la kwanza ikatoka roketi, nyekundu vile vile.

"Hii ndiyo niliyokuwa naibusu kila Ijumaa?"

"Ulibusu ngozi. Hii ilikuwa ndani."

"Na ningekufa sijui!" Akaketi kunishikia majalada. Kwenye la nne akaitazama picha kwa muda mrefu. "Huyu bibi, kahawa yake haimwagiki kweli?"

Majalada yalikuwa kumi na moja. Picha saba zimepona. Nne zimeliwa na mchwa, na ile ya msikiti ni mojawapo. Misahafu yenyewe tuliifunga upya, ikazikwa kwa heshima yake.

Hizo saba anakuletea mkwe wangu Faridi, mume wa Asma, anayesafiri kwenda Mombasa. Ni zako, sina ombi juu yake. Ninachoomba unihalalishie ni lile neno "zote", na miaka uliyokaa bila kuchora. Hili la pili huenda likakushinda, nami sitashangaa.

Nisalimie shemeji yangu Mwanaesha, mkeo, aliyekuvumilia ukiwa kimya. Nisalimie dada yetu mkubwa Zuhura, aliyetulea baada ya mama. Asomewe barua hii yote, asifichwe kitu. Nisalimie na wajukuu zako, ambao mimi kwao ni jina tu.

Usinisamehe kwa sababu naumwa. Kama jibu ni hapana, liandike hivyo hivyo. Macho yangu huchoka upesi, kwa hiyo Asma ndiye atakayenisomea. Herufi anazijua, Kiswahili chenyewe anakijua kidogo. Hatajua ni neno gani alipunguze ukali.

Kaka yako aliyekudanganya,
Abubakari