Matanga ya Baba Aliye Hai

Naguru, Kampala
9 Juni 2024

Baba Lailah,

Asalaam aleikum, na kwa upande wako, Tumsifu Yesu Kristo. Chagua moja uitikie. Hali yako vipi huko Kaabong? Sisi hapa tu wazima, kama uzima ni kusimama kwa miguu miwili. Kifua cha Akram kimepona. Lailah amerefuka, sketi ya shule imekuwa ya aibu. Okwera mwili wake hauna neno. Kichwa ndicho sijui.

Nakuandikia kwa sababu simu yako siku hizi ni pambo. Nikipiga, yule dada wa kwenye simu ananiambia hupatikani, na Akram ameshamzoea. Akisikia sauti yake anamsalimia, "Shikamoo anti." Basi nimemwomba Oyat, dereva wa lori lenu la chakula, akubebee barua hii.

Wanao watanimaliza. Leo asubuhi Lailah hakuona sweta yake. Tumeitafuta nyumba nzima, vyumba vyenyewe viwili, kumbe ameivaa ndani ya gauni. Wakati tunatafuta, Akram amechukua kiatu chake akakitumbukiza kwenye sufuria ya maharage. Sikujua. Nimekiona mchana wakati wa kupakua, na nilikuwa nimeshampelekea Mama Travis, jirani wa mlango wa pili, bakuli lake. Amerudisha bakuli tupu, akanisifu kwamba maharage ya leo yana ladha ya nyama. Sikumwambia kitu. Wewe ungemwambia?

Sasa sikiliza. Siku ya wazazi shuleni ni tarehe sita Julai. Okwera ameshawatangazia darasa zima la tatu, na mwalimu wake, Mwalimu Santa, kwamba baba yake atakuja na sare na kofia ya polisi. Uliahidi Pasaka, hukuja. Uliahidi sikukuu ya Mashahidi, hukuja. Safari hii usiahidi. Njoo tu.

Wako,
Mama Lailah


Kaabong
22 Juni 2024

Mpendwa Mama Lailah,

Nimeitikia salamu zote mbili. Mimi ni mzima, jua tu linatukausha kama samaki. Nasalimu watoto, mama mkwe kule Bombo, na Mama Travis mla viatu. Nilipowasomea wenzangu habari ya maharage, mmoja alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi.

Mke wangu, usijichoshe. Watoto ni kama makuruta. Kila mmoja mpe kazi yake, saa ya kuamka iwe moja, asiyetii azunguke nyumba mbio. Wiki mbili tu, nyumba itatulia, utashangaa.

Kuhusu tarehe sita, pole. Mtu wa kushika nafasi yangu hajafika, na afande hawezi kuniachia. Mwambie Okwera nitakuja mwezi wa nane. Ni mwanaume, ataelewa.

Ni mimi,
Baba Lailah


Naguru
11 Julai 2024

Baba Lailah,

Kama barua hii unaisoma wewe mwenyewe kwa macho yako, basi alhamdulillahi, na nina neno na wewe.

Jana tumekufanyia matanga.

Nilikuwa natoka soko la Kalerwe na mfuko wa nyanya kichwani. Nafika kwenye kona ya kambi yetu ya polisi nasikia kilio. Nikasema maskini, nani huyo. Natembea, kilio kinakuwa kikubwa. Kufika, watu wamejaa mlangoni kwangu. Watoto wa shule wamepanga mstari wanaimba. Kuna moto umewashwa uani. Mama Travis amefunga kitenge kiunoni, amelala chini, anapiga ardhi: "Banange, jamani! Bwana wa watu! Pole, Mama Lailah, pole sana!" Na mbele yao wote, Mwalimu Santa, amebeba kuku.

Sikuuliza ni nani. Mke wa polisi haulizi ni nani.

Nilikaa pale pale kwenye vumbi. Nyanya zilibingirika hadi kwenye mfereji, sikuziona. Unajua niliwaza nini? Mungu anisamehe. Niliwaza lile shati lako la bluu, kwamba sijalipiga pasi tangu uondoke, sasa watakuvalisha likiwa na makunyanzi. Hilo tu. Kichwani hakukuwa na kitu kingine.

Watu wakanishika, wakanipepea. Mtu akampigia kaka yangu Wahabi huko Bombo, akaja mbio na pikipiki. Kabla hajaniambia hata pole, alikuwa kwenye simu na Mzee Opio, ami yako wa Gulu, wanagombania kaburi.

"Huyu amekula pilau yetu miaka yote, atazikwa Bombo!" anasema Wahabi.

"Pilau haibadilishi ukoo! Analala Gulu kando ya baba yake!" Mzee Opio alipiga kelele, hata wapishi uani walimsikia.

Ndipo Lailah akarudi kutoka shule yake. Aliwatazama watu wote wale, akauliza swali ambalo mtu mzima hata mmoja hakuwa ameuliza: "Nani amewaambia?"

Mwalimu Santa akajibu, "Okwera mwenyewe."

Okwera tulimkuta chini ya kitanda. Tulimvuta kwa mguu. Alikuwa ameshika tendegu la kitanda kwa mikono yote miwili kama mtu anayesombwa na maji. Kumbe Jumatatu, baada ya siku ya wazazi, wenzake walimcheka. Mimi nilikwenda, nikabeba na Akram, lakini wao walikuwa wanangoja polisi. Wakamwambia hana baba, amemtunga. Naye akasema baba amekufa. Wakaacha kucheka. Mwalimu Santa akamkumbatia, akampa chapati yake mwenyewe. Baada ya hapo, anasema, hakujua jinsi ya kukufufua.

Nilikuwa nimeshainua mkono. Nikamuuliza, "Kwa nini? Ungeweza kusema yuko kazini. Ungeweza kusema chochote."

Akaniambia, "Mama, mtu aliyekufa hawaulizi atakuja lini."

Mkono wangu ulishuka wenyewe.

Nilitoka nje kuwaambia watu kwamba msiba hakuna. Wahabi na Mzee Opio hawakunisikia, walikuwa wamefika kwenye suala la padri na shehe. Nikapokonya simu nikasema, "Mwacheni afe kwanza!" Mwalimu Santa akamtazama kuku, akanitazama mimi, akasema, "Sasa?" Watu hawakuondoka, chakula kilikuwa jikoni. Na Mama Travis aliendelea kulia mpaka akala. Anasema machozi yakishaanza hayana njia ya kurudi.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Cheka, nakuruhusu.

Lakini afande wa kambi alisikia kilio, akaona ahakikishe, akaita Kaabong kwa redio. Wakamjibu kwamba Koplo Ocira, yaani wewe, ametoka na doria kufuata ng'ombe walioibwa, na kikosi chao hakijarudi. Basi. Hawakusema kitu kingine. Kwa hiyo watu wamekwenda zao, kuku amefungwa kwenye mguu wa meza, na mimi nimewaambia wote kwamba u hai, na mimi peke yangu sina hakika.

Andika. Hata mstari mmoja. Andika kwa mkono wako, na uweke matusi kidogo, nijue ni wewe.

Mama Lailah


Naguru
25 Julai 2024

Baba Lailah,

Natumaini u mzima.

Oyat amerudi mikono mitupu. Anasema aliiacha barua yangu kwenye meza yenu, wewe hakukuona. Nilimuuliza walisemaje, akasema hawakusema. Nikamuuliza walikuwa na nyuso gani. Akasema, "Mama Lailah, mimi nilikuwa nashusha mahindi." Karibu nimpige na ufagio.

Kambini wananisalimia kwa sauti ya chini. Mama Travis ananiletea uji bila kuombwa, tena hauonji kwanza, na unajua yule hawezi kubeba chakula bila kukionja.

Wanao sasa wana adabu. Lailah anaamka mwenyewe, anaivaa sweta juu ya gauni. Akram anakula bila kumwaga. Okwera anaosha vyombo kabla sijasema, anafagia, anarudi kukaa karibu nami kama paka. Nyumba imetulia kama ulivyotaka. Siipendi.

Jana nilikuwa nafua, akaja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Mama, uongo ukisemwa mbele ya watu wengi, Mungu anaweza kuusikia vibaya?"

Nikamuuliza vibaya vipi.

"Akadhani ni maombi."

Nilimwambia Mungu hana masikio mabovu. Nikaendelea kufua. Nguo ile niliifua mpaka rangi ikaanza kutoka.

Baba Lailah, hasira yangu imekaribia kuisha, na nikiishiwa hasira sijui nitashika nini. Rudi unikasirishe.

Mama Lailah


Kaabong
2 Agosti 2024

Mke wangu,

Mimi hapa. Mwandiko umepinda kwa sababu mkono hauna nguvu bado, lakini ni wangu. Umeomba matusi: wewe ni mwanamke mkaidi, chai yako huwa na sukari nyingi mno, na kaka yako Wahabi ni punda. Sasa umejua?

Gari letu lilikwama kwenye mto mkavu ambao usiku mmoja ulijaa maji. Tuliliacha, tukaendelea kwa miguu. Ng'ombe tuliwapata. Njiani kurudi malaria ikanikamata vibaya, wenzangu wakaniacha kwenye zahanati moja ndogo, kitanda kimoja na mbuzi wawili mlangoni. Redio haikufika huko. Nimerudi kituoni juzi, nikakuta barua zako mbili zimewekewa jiwe juu zisipeperuke.

Ya kwanza niliisoma kwa sauti. Kituo kizima walicheka, hasa pale pa pilau. Nilipofika kwenye shati la bluu nikakunja karatasi. Wakasema, "Endelea, koplo." Nikawaambia macho yananiuma, nikaenda kusomea nyuma ya ghala.

Ya pili sikuisomea mtu.

Niliandika kwamba Okwera ni mwanaume, ataelewa. Mtoto wa miaka minane! Mwambie hivi, tafadhali mwambie leo hii, kabla hujapika, kabla hujafanya lolote: baba hajakasirika. Baba aliumwa na mbu, si na uongo wa mtu. Na Mungu alisikia vizuri kabisa.

Nimekwenda kwa afande. Aliponiuliza nataka likizo kwa sababu gani, nikamwambia, "Afande, nyumbani nimeshaliliwa, wameshakula, na ukoo unagombea kaburi. Naomba nikaonekane." Alicheka mpaka akavua kofia. Kisha hakucheka tena, akaniuliza nina watoto wangapi na mara ya mwisho niliwaona lini. Likizo ametia saini. Ombi la uhamisho wa kurudi Kampala ameniandikia pia, hata kama ni kituo cha Kawempe, ila majibu bado. Siwezi kukudanganya kwamba yatakuwa mazuri.

Barua hii anakuletea mwenzangu anayewahi kwa basi. Mimi nikipata nguvu nitapanda na Oyat. Siku sitaji. Nimeahidi vya kutosha.

Mume wako,
Baba Lailah


Naguru, nyumbani
8 Agosti 2024, mchana

Mama Lailah,

Habari za Kalerwe? Nimefika, wewe hupo. Nakuandikia hii kwenye karatasi ya sukari na kuiacha chini ya kikombe, kwa sababu simu yangu haina chaji na umeme wenu umekatika.

Usiogope ukimkuta Mama Travis amelala kwenye mkeka. Aliniona nikishuka kwenye lori, akapiga ukelele, akakaa chini. Nilimpa maji. Alipopata pumzi alinigusa mkono, akaugusa tena, kisha akanikemea kwa kumliza bure. Sasa anapumzika. Amesema usimwamshe.

Akram alikuwa kwake. Nimemwambia, "Mimi ni baba." Akanitazama kutoka chini mpaka juu. Akasema, "Baba yuko ukutani." Akanishika kidole, akaniingiza ndani, akanionyesha picha yetu ya harusi. Nikasimama kando yake, nikatabasamu kama pale. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema yule ni mnene. Ni kweli, malaria imenikausha.

Tangu hapo tunagombana. Nimetaka kumvisha viatu, hataki. Nimemvisha kimoja, akakivua nikivisha cha pili. Suruali amekubali, lakini kinyume. Amemwaga maji, nikapangusa, akamwaga tena aone kama nitapangusa. Nimetoka jasho kuliko kule mtoni. Mama Lailah, unafanyaje hivi kila siku, na watatu? Sijui kama niliwahi kukuuliza. Ukirudi nitakuuliza, na nitakaa nisikilize.

Shati la bluu nimelikuta limepigwa pasi, limetundikwa. Nimelivaa. Limekuwa kubwa, lakini nimelivaa.

Sasa tunakwenda shuleni. Nataka kengele ikilia niwe nimesimama getini, mahali ambapo darasa lote la tatu watapita. Okwera sitamwambia kitu kirefu. Nitambebea tu mkoba, turudi nyumbani polepole, na Lailah tumpitie.

Akram amekubali nimbebe mabegani. Amesema ni leo tu.

Nimemwambia kesho tutazungumza tena.

Baba Lailah