Mjane wa Filamu na Mpelelezi Wake

Jumatatu, 4 Machi

Simu asubuhi. Kijana wa televisheni, sauti laini kama anatangaza sabuni. Eti wameipata ile filamu yetu ya zamani, ya wapelelezi wawili wa kuchekesha. Wameisafisha, picha inang'aa. Ila sauti ya sehemu ya mwisho imeharibika kabisa, wanataka tuje studio tuyaseme upya maneno yetu.

"Mama, wewe ni hazina!"

Hazina! Miaka yote hii hazina imekaa hapa inafua mapazia, hakuna aliyekuja na jembe.

Nikamuuliza, na mpelelezi atakuwa nani? Akacheka. "Si yule yule, mama."

Yule yule. Mtalaka wangu.

Nimemwambia nitafikiria. Uongo, nilishakubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumanne, 5 Machi

Binti yetu kapita. Baba yake kafurahi sana, kanunua kofia mpya. Bila shaka! Yule bwana aliigiza upelelezi mara moja tu maishani, hajauvua hadi leo. Akienda dukani anakagua mchele kama ushahidi. Hata kwenye msiba wa Kibonge — mpelelezi mwenzake kwenye filamu, mwenye kipaji hasa, Mungu amrehemu — alisimama akarudia vichekesho vya marehemu, watu wakampigia makofi. Msibani! Kibonge ndiye aliyekuwa akiporomoka ngazi na kujifungia kabatini na maiti. Huyu wangu kazi yake ilikuwa kuinua nyusi.

Mimi kwenye filamu nilikuwa mjane. Nawaajiri wamtafute aliyemuua mume wangu, kumbe muuaji ni mimi. Baada ya hapo wanawake sokoni wakawa wanawavuta waume zao nikipita. Mpelelezi mkuu hakugundua kitu mpaka mwisho wa filamu, ndipo akadai alijua siku nyingi. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Hakugundua kwamba habari zake na yule msichana wa vipodozi, hawara yake, nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza.

Alhamisi, 7 Machi

Studio. Chumba kisicho na dirisha, mazulia mpaka ukutani, baridi ya jokofu. Yule kijana — namwita Sabuni — anaita kila kitu "kizuri mno". Hata chai yake, ambayo ilikuwa maji ya moto yenye aibu.

Bwana mkubwa kachelewa. Kaingia polepole, kashikwa mkono na binti yetu, kama mfalme anaenda kutawazwa. Kofia, naam. Akamsalimu fundi sauti kama ndiye Sabuni, akampa Sabuni mgongo. Majivuno tu!

"Habari yako, mjane wangu."

"Wako tangu lini?"

Tukaanza. Unatazama skrini, mdomo wako wa zamani ukifunguka na wewe unasema. Mtoto angeweza. Yeye hakuweza. Mara anawahi, mara anachelewa. Karatasi ya maneno hakuigusa, eti msanii wa kweli hasomi. Fundi akamwambia kwa upole: "Mzee, umesema mdomo kwenye picha ukiwa umefumba."

Nikacheka. Kwa sauti, wote wakasikia. Nikasema jamani huyu kachoka, tafuteni mwingine. Sabuni akadakia upesi mno: anaye mtu, anaigiza matangazo ya redio, anaweza kuiga sauti yoyote.

Kisha bwana akaomba maji. Glasi ilikuwa mbele yake. Mkono ukapapasa meza, ukapita kando ya glasi, ukaangusha miwani yangu. Macho yake hayakuufuata mkono. Yalibaki yameelekea ukutani.

Nikaokota miwani yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia binti yangu. Kalia kwanza, ndipo kasema. Macho ya baba yake yalianza kufifia mwaka jana. Sasa anaona mwanga na vivuli, basi. Alimkataza asimwambie mtu. "Hasa usimwambie mama yako."

Hasa mimi! Kwa nini hasa mimi?

"Alisema utacheka."

Jumamosi, 9 Machi

Kapiga simu mwenyewe.

"Umeshaambiwa."

"Nimeona mwenyewe. Kati yetu mpelelezi ni mimi."

Kacheka kidogo. "Usinionee huruma."

"Nikuonee wewe?"

"Vizuri." Halafu kasema Sabuni kampa nafasi moja tu, Jumatatu. Akishindwa, yule wa redio anaingia. "Picha siwezi kuiona tena. Nilitaka angalau nikisikia, niwe ni mimi."

Hakuniomba kitu. Ningejua la kumjibu kama angeomba. Nikakata simu bila kuaga.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika hapa hapa studio, tumepumzika kidogo. Yule wa redio amekaa nyuma anatafuna ubani, keshaanza kuinua nyusi. Mbwembwe!

Nilisogeza kiti changu karibu na bwana nikamnong'oneza: nitakugusa bega ukitakiwa kuanza.

"Bega lipi?"

"Lolote, mjinga wewe."

Ikaenda! Neno kwa neno, mdomo kwa mdomo. Sabuni macho yamemtoka. Imebaki sentensi moja, ile ya mwisho, mpelelezi anapomwambia mjane kwamba alijua siku nyingi, na bado alikuwa akija kwake kila siku. Fundi akasimamisha kazi. Kuna kitu kinakwaruza, mama, ni nguo ya mzee, usimguse. Rudi mahali pako.

Mahali pangu ni upande wa pili wa meza.

Bwana akasema, kwa sauti ya kawaida, wote wanasikia: "Basi anishike mkono. Mkono haukwaruzi."

Ubani umeacha kutafunwa. Sabuni anamtazama yeye, ananitazama mimi. Keshaelewa mzee haoni. Wote wameelewa.

Nikimshika watasema mjane kasamehe. Sijasamehe chochote! Msichana wa vipodozi sijamsahau hata rangi ya kucha zake.

Fundi ananiita. Mkono uko mezani, kiganja juu, umenyooshwa upande ambao sipo.